Kontroli Boksi Imebadilishwa, Taa Bado Inawaka

Wengi wetu tuliokulia Kahama, Geita na Katoro tunaijua handbreki kama ule mkono wa katikati ya viti: unavuta, waya unakaza breki za nyuma, basi. Siku hizi magari mengi ya mtumba yana kitufe tu. Kitufe kikigoma, watu wanatoboka mifuko kwa kubahatisha.

Baba yangu mdogo ana Volkswagen Passat pale Katoro. Ndiyo inabeba mzigo wa duka, na duka ndilo linalotoa ada za wadogo zangu. Mwaka jana ililala gereji wiki tatu. Kontroli boksi ya handbreki ilibadilishwa mara mbili, zote za mtumba, na taa ya njano haikuzima. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, usalama wake ulikuwa jiwe nyuma ya tairi.

Kwa nini boksi zima likatae kazi? Ukibonyeza kitufe, taarifa inakwenda kwenye boksi, nalo linaamuru mota mbili ndogo, kila moja kwenye breki ya gurudumu la nyuma. Boksi haliko peke yake. Linaongea na injini na ABS kwa nyaya mbili za mawasiliano. Ndani yake kuna msimbo, yaani namba inayolieleza limo kwenye gari la aina gani. Boksi la mtumba linakuja na msimbo wa gari lililotoka. Ukilifunga bila kuliprogramu, halielewani na wenzake, na taa inawaka. Hapo fundi anasema, "Hili nalo bovu, leta lingine."

Utaratibu wa kutafuta tatizo ni huu:

1. Anza na betri. Gari likiwa limezimwa, betri nzima inasoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka, karibu 14. Umeme mdogo peke yake unaweza kuwasha taa ya handbreki.

2. Kagua fyuzi, kisha nyaya zinazokwenda kwenye mota za nyuma. Zinapigwa na vumbi, tope na mawe ya barabara zetu.

3. Soma hitilafu kwa kompyuta. Kwenye Volkswagen, handbreki iko namba 53, ABS namba 03. Mashine ndogo ya kusoma injini tu haifiki huko.

4. Kabla ya kung'oa boksi la zamani, piga picha ya msimbo wake na namba ya spea iliyoandikwa juu. Boksi la kubadilisha liwe na namba inayokubalika kwa gari hilo.

5. Ukishalifunga, ingiza msimbo, fanya urekebishaji wa awali kwa kompyuta, futa hitilafu, kisha jaribu mahali tambarare kabla ya kwenda mlimani.

Angalizo moja: ukibadilisha pedi za nyuma, mota zirudishwe kwanza kwa kompyuta. Ukilazimisha pistoni kwa klempu unaweza kuvunja mtambo wa ndani, na hiyo ni spea nyingine.

Fundi wa tatu ndiye aliyefuata hatua hizi. Kompyuta ikamwonyesha mota ya kushoto haipati umeme. Akalala chini ya gari, akakuta waya umekatika karibu na gurudumu. Akauunga, akarudisha boksi la kwanza kabisa, ambalo msimbo wake ulikuwa sahihi tangu mwanzo, akafuta hitilafu. Taa ikazima. Maboksi mawili yaliyonunuliwa yako stoo mpaka leo.

Sisi wa ualimu tunaambiwa kila siku: mpime mwanafunzi kwanza ujue amekwama wapi, ndipo umfundishe. Gari nalo ni hivyohivyo. Ukienda likizo nyumbani ukamkuta mzee anaombwa hela ya boksi jipya, muulize fundi swali moja tu kwa heshima: "Mkuu, kompyuta imesema nini?" Kama gari halijapimwa, hela isitoke.