Ekzema ya mtoto: tusiangalie wekundu tu



Katika darasa langu kuna mtoto wa miaka nane aliyekuwa akisinzia juu ya kaye yake kila asubuhi. Wenzake walikataa kukaa naye kiti kimoja, wakisema ana upele wa kuambukiza. Nilipomwita mama yake, alinionyesha viwiko vya mtoto na nyuma ya magoti: ngozi ngumu, nyeusi kuliko mahali pengine, imejaa alama za kucha. "Mwalimu, usiku hatulali," akasema. "Lakini tulipoenda kutibiwa, tuliambiwa si neno, kwa sababu hakuna wekundu."

Ilikuwa ekzema, na ekzema haiambukizi. Lakini neno lile "wekundu" ndilo lililonisukuma kuandika.

Vipimo ambavyo waganga hutumia kujua ukali wa ekzema, kama SCORAD iliyotungwa Ulaya mwaka 1993, vinahesabu pia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha: mahali penye ugonjwa hugeuka kahawia, zambarau au rangi ya majivu. Hivyo ugonjwa mkali wa mtoto wetu unaweza kuitwa mdogo.

Basi tupime nini? Fikiria ukuta wa nyumba. Matofali yakishikana vizuri, mvua haiingii. Ngozi ya juu ni vile vile: chembe zake ni matofali, na mafuta yaliyo katikati ni udongo wa kuyashikisha. Kwa mwenye ekzema ukuta huo una nyufa. Maji ya mwili yanatoka. Vumbi, sabuni kali na vijidudu vinaingia.

Kipo chombo kidogo kinachowekwa juu ya ngozi ili kupima mvuke wa maji unaotoka. Mtu hupumzika kwanza katika chumba kisicho na joto, jasho likauke, ndipo anapimwa. Jibu linakuja kwa gramu za maji kwa kila mita mraba kwa saa. Ukuta ukiharibika, hesabu inapanda, na chombo hakijali ngozi ni ya rangi gani. Huko Cork, Ayalandi, watafiti walipima hivyo watoto wachanga wa siku mbili na wa miezi miwili. Wale waliopoteza maji mengi ndio waliopata ekzema zaidi walipofikia mwaka mmoja.

Chombo hicho ni cha watafiti hasa. Lakini mama anacho kipimo chake. Mwaka 2004 waganga wa Nottingham, Uingereza, walitoa maswali saba yanayoitwa POEM. Chukua kalamu. Katika juma lililopita, ni siku ngapi ngozi ya mtoto:

1. iliwasha?
2. ilimzuia kulala?
3. ilitoka damu?
4. ilitoka majimaji?
5. ilipasuka?
6. ilibanduka?
7. ilikauka au kukwaruza?

Hakuna siku: 0. Siku 1 au 2: alama 1. Siku 3 au 4: alama 2. Siku 5 au 6: alama 3. Kila siku: alama 4. Jumlisha. Kutoka 8 hadi 16 ni ekzema ya katikati. 17 na kupita ni kali. Peleka karatasi hiyo kwa munganga.

Nyumbani, tuzibe nyufa. Mwogeshe mtoto kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni ya manukato. Mara tu ukimpangusa, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta mazito yasiyo na harufu, kama vaselini. Lakini yale mafuta ya kung'arisha ngozi yanayouzwa sokoni, tusiyaguse: mengi yana kortizoni kali, na yakitumiwa ovyo yanafanya ngozi kuwa nyembamba. Dawa ya kortizoni ni munganga anayeipima.

Mama yule alihesabu 19. Alirudi kwa munganga na karatasi mkononi, na safari hii alisikilizwa. Siku hizi mtoto wake hasinzii tena darasani. Juzi aliomba mwenyewe kusoma mbele ya wenzake.