Tiba mpya ya sikoseli na kidonge kilichojaribiwa Kilifi

Wazazi huniuliza: ni kweli Wazungu wamepata dawa ya sikoseli? Ni kweli, ila si ya kumeza, na bei yake yatisha.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na seli shina, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu maisha yetu yote. Kwa mwenye sikoseli, seli hizo zimebeba jeni yenye kasoro. Chembe nyekundu zinazozaliwa hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa, na hapo ndipo mtoto hulia mifupa.

Lakini mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini nyingine, isiyopindisha chembe. Miezi michache baada ya kuzaliwa, mwili huizima. Ndiyo maana mchanga huonekana mzima, kisha vidole vikaanza kuvimba.

Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Seli mama za mgonjwa huchujwa kutoka kwenye damu yake, zikapelekwa maabara kukatwa sehemu ya jeni inayoizima hemoglobini ya tumboni. Uboho wa zamani huuawa kwa kemo kali, inayoweza kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa, kisha hurudishiwa seli zake. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau mwaka mzima bila mashambulizi makali ya maumivu. Bei huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nani kwetu?

Na ugonjwa ni wetu. Jeni hii imekithiri palipo na malaria, kwa kuwa aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa.

Kinachonikera ni kwamba dawa ya kumeza, haidroksiurea, hupandisha hemoglobini ileile ya tumboni, japo haiponyi. Ilijaribiwa kwa watoto Kilifi, na pia Uganda, Angola na Kongo, matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kukapungua, hata malaria na vifo. Mwenye mtoto asingoje Casgevy. Akienda kliniki aiulizie haidroksiurea kwa jina, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara, maana dozi hufuata uzito wa mtoto na ikizidi hushusha chembe za damu.