Hati Moja kwa Watu Wengi

Ukiteremka kutoka Karatu na Ganako kwenda Mang'ola unakuta mashamba ya vitunguu, na mbele yake Ziwa Eyasi. Muda mrefu kabla ya vitunguu, bonde hili lilikuwa la Wahadzabe, watu zaidi kidogo ya elfu moja wanaowinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu.

Ndugu msomaji, shamba lililolimwa huonekana lina mwenyewe. Pori la mwindaji halionekani hivyo. Mgeni akifika huona nafasi tu; hufyeka, hupanda mahindi, na mwaka unaofuata huwaita ndugu zake. Wanyama huhama. Hapo kijana hana tena mahali pa kujifunzia kufuata nyayo, wala kumfuata yule ndege anayeonyesha nyuki walipo.

Edward Loure aliyajua mambo haya tangu nyumbani. Ni Mmasai wa Simanjiro, na jamaa zake walikuwa miongoni mwa walioondolewa Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Kazi yake katika shirika la Ujamaa Community Resource Team (UCRT) imekuwa kutetea ardhi ya wafugaji na wawindaji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Tumezoea kuiona kama hati ya mtu na shamba lake, lakini sheria inaruhusu pia kundi la watu kuipata. Loure na wenzake waliushika mlango huo. Mwenye hati yake binafsi anaweza kushawishiwa akauza. Ardhi ya wote hawezi mmoja kuiuza peke yake.

Njia yenyewe ni ndefu. Kwanza mipaka na vijiji jirani ikubaliwe (na aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mipaka anajua maneno yake!). Kijiji kipate cheti cha ardhi. Kisha hupangwa matumizi bora ya ardhi: makazi hapa, kilimo pale, malisho kule, pori libaki pori. Mkutano Mkuu wa Kijiji huupitisha mpango, na sheria ndogo hutungwa.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipata hati ya pamoja ya ardhi inayofikia hekta 20,000 hivi, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Jamii za wafugaji zikafuata. Loure alipopewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016, ardhi iliyopatiwa hati kwa njia hii ilikuwa imezidi ekari 200,000.

Karatasi peke yake haimzuii mwenye shoka. Huko Yaeda wapo vijana wa kijiji wanaozunguka porini kulinda, na malipo yao hutokana na mauzo ya hewa ukaa: miti isiyokatwa huhesabiwa, na wanunuzi wa nje huilipia.