Glukosi Kwanza

Mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Jacques Monod alikuwa akikuza bakteria katika maji yenye sukari za aina mbili. Walizaliana kwa kasi, wakasimama ghafla, kisha wakaanza tena kana kwamba wameamshwa upya.

Jozi iliyokuja kuvuma ni glukosi na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Bakteria wa utumbo, Escherichia coli, humaliza glukosi kwanza ndipo waigeukie laktosi. Kule kusita ni muda wa kutengeneza vifaa: protini ya kuingizia laktosi ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuikata vipande viwili. Jeni za vifaa hivyo zimo siku zote, ila zimezimwa.

Mwaka 1961 Monod na François Jacob walieleza kwamba kuna kizuizi kinachoikalia DNA ili jeni hizo zisisomwe. Laktosi ikiingia, kiasi chake hugeuzwa umbo kidogo, hujishika na kizuizi, nacho huiachia DNA. Kukipata kizuizi chenyewe kulikuwa na kazi, maana seli moja huwa na molekuli zake kama kumi tu. Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walifanikiwa mwaka 1966.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na kwangu mimi vinaacha uhondo wenyewe. Kizuizi kina habari za laktosi tu. Habari za glukosi ziko kwa protini ndogo iitwayo EIIA. Glukosi inapopita kwenye utando wa seli hubandikwa fosfeti, na fosfeti hiyo hupokezanwa na msururu wa protini, EIIA ikiwamo. Glukosi ikiwa tele, EIIA hunyang'anywa fosfeti kila inapoipata. Ikibaki mikono mitupu, huikamata protini ya kuingizia laktosi na kuiziba. Glukosi ikiisha, fosfeti hukosa pa kwenda na kubaki juu ya EIIA. Hapo EIIA huchochea utengenezaji wa molekuli ndogo ya ishara, cAMP, ambayo huungana na protini CRP. Hiyo nayo hushika DNA na kuvuta mtambo wa kusoma jeni. Kimeng'enya cha laktosi huweza kuongezeka hata mara elfu moja.

Hakuna kipimo cha glukosi kilichowekwa pembeni. Kule kuila ndiko kuipima.

Lakini seli hazifuati mkumbo. Mwaka 1957 Aaron Novick na Milton Weiner waliwapa bakteria kiasi kidogo cha kemikali inayofanana na laktosi lakini hailiki. Baadhi ya seli ziliwasha jeni kikamilifu, nyingine hazikuwasha kabisa, ingawa DNA yao ni moja. Seli iliyobahatika kuwa na protini ya kuingizia huvuta kemikali zaidi, hutengeneza protini hizo kwa wingi, na ikigawanyika huzirithisha kwa seli binti zake.