Je, Wajua? Kadi ya Nauli Haina Betri

Lokandu, mji wa Kongo (DRC) kando ya mto Lualaba, haina kituo cha treni. Enzi za Wabelgiji, kampuni ya reli ya CFL ilitandika reli pale maporomoko ya Lualaba yalipozuia meli: Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, mwaka 1906, kisha Kindu hadi Kongolo, 1911. Kati ya Ubundu na Kindu mto unapitika, na hapo ndipo Lokandu ilipo: abiria wake ni wa maji.

Iwe kwa reli au kwa maji, abiria hulipa nauli. Tikiti za kwanza za treni ziliandikwa kwa mkono. Miaka ya 1830, Mwingereza Thomas Edmondson alibuni kijikadi cha kadibodi chenye namba za mfululizo; karani akificha nauli, namba humuumbua.

Leo kuna kadi ya kielektroniki. Haina betri! Ukiisogeza kwenye mashine, mawimbi ya redio huipa umeme. Chipu huamka, nauli hukatwa, kisha chipu hulala tena. Hong Kong ilianza na kadi ya Octopus mwaka 1997. Dar es Salaam, wavukao kwa pantoni ya Kigamboni hulipa kwa N-Card.

Kumbe kadi haichagui reli wala maji.