Michezo ya Uhalisia Pepe kwa Waliopooza: Neno na Chombo huko Igunga

Istilahi "uhalisia pepe" imekwisha kuzoeleka katika maandishi ya Kiswahili ya siku hizi. Lakini wilayani Igunga, ambako mpunga hulimwa pamoja na pamba, mkulima hulijua neno "pepe" kwa maana nyingine: ni punje isiyo na kiini. Tena kiharusi chenyewe, kwa watu wengi, ni kazi ya pepo. Basi mgonjwa aliyepooza upande mmoja akiambiwa kwamba atafanyishwa mazoezi kwa uhalisia pepe, si ajabu jamaa zake wakatazamana.

Jambo hili si dogo. Michezo hiyo humfanya mgonjwa aurudierudie mwendo wa mkono pasipo kuchoshwa upesi, na marudio ndiyo yanayoufundisha ubongo upya. Vyombo vyake vilianza kupatikana kwa bei ya nyumbani Nintendo walipotoa Wii mwaka 2006. Walakini Wii yataka kushikwa, na mkono uliopooza mara nyingi haushiki. Kinect ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2010, iliutazama mwili kwa kamera, mtu asishike kitu. Mwaka 2017 ikaachwa kutengenezwa. Unafuu wa bei, basi, si wepesi wa kutumia, wala si ahadi ya kudumu.

Wepesi huo hupimwa mara nyingi kwa hojaji ya John Brooke ya mwaka 1986, yenye kauli 10, za kusifu na za kulaumu zikipokezana. Hapo ndipo mfasiri hukwama. Kauli ya kulaumu ikiandikwa kwa ukanushi, kisha jibu likawa "sikubali kabisa", mzee aliyekulia katika Kisukuma au Kinyamwezi atakuwa amekanusha mara mbili katika lugha yake ya pili, na alama itakayopatikana itapima sarufi kuliko chombo. Afadhali asomewe kwa sauti, na kitenzi kiwe cha kuyakinisha: "chanisumbua".

Jaribio la EVREST, lililochapishwa mwaka 2016, liliwalinganisha wagonjwa 141 wa nchi nne. Juu ya mazoezi ya kawaida, wengine walicheza Wii, wengine karata, domino na mfano wa hayo. Katika nafuu ya mikono haikuonekana tofauti ya maana. Kwa Igunga habari hiyo ni njema: isolo, yaani bao la Wasukuma, lina kete za kuokotwa na vishimo vya kulengwa, na maelekezo yake hayahitaji mfasiri.