Gia ya Otomatiki Ikianza Kugonga: Kagua Haya Kabla ya Kununua Giaboksi

Magari mengi ya kibinafsi na ya teksi katika barabara zetu yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na mengi yana gia za otomatiki. Kanuni haziruhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini likishafika huendelea kutumika miaka mingi. Umri ukisonga, malalamiko huanza: gari linashtuka likibadilisha gia, linachelewa kuondoka baada ya kuwekwa D, au injini inanguruma bila mwendo kuongezeka.

Mara nyingi mwenye gari huambiwa papo hapo kwamba giaboksi imekufa na anunue nyingine. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, wapo wanaotumia akiba yao yote ilhali tatizo lilikuwa oili au raba iliyochakaa.

Kwa nini gia hugonga

Katika giaboksi ya otomatiki, oili hailainishi vyuma tu. Shinikizo lake ndilo linalobana klachi za ndani ili gia ishike. Vali ndogo za umeme, zinazoitwa solenoidi, hufungua na kufunga njia za oili kwa amri ya kompyuta ya gari. Oili ikipungua, ikiungua au ikiwa ya aina isiyofaa, shinikizo huyumba; gia huchelewa, kisha hushika kwa kishindo.

Anza na oili

Egesha gari mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto. Kwa magari mengi, oili hupimwa injini ikinguruma: kanyaga breki, pitisha gia katika nafasi zote, kisha rudisha P na uchomoe kijiti cha kupimia. Baadhi ya magari, yakiwemo mengi ya Honda, hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kijiti kabisa. Soma kitabu cha gari kwanza.

Tazama rangi na unuse. Oili nzuri kwa kawaida huwa nyekundu na angavu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi huenda zimeanza kuliwa. Ikiwa na rangi kama ya maziwa, maji ya rejeta huenda yameingia. Gari hilo lisiendeshwe tena hadi likaguliwe.

Ikiwa imepungua, usiongeze tu na kusahau. Giaboksi haichomi oili kama injini, hivyo ikipungua, inavuja mahali.

Aina ya oili

Tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji pekee. Magari ya CVT, kama Nissan Note nyingi, hutumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia za hatua, na oili yake ni tofauti. Kuyatia oili ya kawaida ya otomatiki kunaweza kuharibu giaboksi nzima.

Kumwaga oili mara moja huondoa sehemu tu, kwani nyingine hubaki ndani. Kwa gari kuukuu, mafundi wengi hupendelea kumwaga na kujaza kwa awamu, na kubadilisha filta inapowezekana. Sampu ikifunguliwa, omba kuona sumaku yake. Ungaunga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya uharibifu.

Mambo mengine ya kukagua

Raba za kushikilia injini zikikatika, gari hugonga hata kama giaboksi ni nzima. Plagi mbovu hufanya injini ikohoe, na dereva akadhani ni gia. Mwambie fundi asome kompyuta kwa mashine: msimbo P0700, kwa mfano, huonyesha kwamba mfumo wa gia umeripoti hitilafu, na misimbo inayoandamana nao husaidia kujua ni ipi. Solenoidi moja inaweza kubadilishwa bila kununua giaboksi.

Haki yako gereji

Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ina sehemu mahsusi kuhusu ukarabati wa magari. Itisha makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, omba vipuri vilivyotolewa, na uhifadhi risiti.

Oili iliyotumika isimwagwe kwenye mtaro, shambani wala mtoni, kwani huchafua maji ya kunywa. Ihifadhiwe kwenye mtungi uliofungwa na ikabidhiwe mkusanyaji taka mwenye leseni ya NEMA.

Gari ambalo gia yake inateleza lisitumike kupita magari mengine wala kubeba abiria safari ndefu. Likikosa nguvu mbele ya lori linalokuja, hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Likaguliwe dalili zikiwa changa.